Karabai ya Guka: Hivi Ndivyo Utaifufua na Kuiwasha Bila Kuchoma Keja

Tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na Kenya mzima ikaingia giza. Tumbili mwenyewe alitoka mzima. Tarehe 25 Agosti 2023 stima zikapotea tena karibu kila pembe ya nchi, mpaka uwanja wa JKIA ukakaa giza. Siku kama hizo simu inakuisha chaji, tochi inakufa, na hapo ndio unakumbuka ile taa ya guka inayokula vumbi kwa stoo.

Ukisimama Olkaria usiku, unaona mvuke mweupe ukipanda juu ya mitambo ambayo imetoa stima tangu 1981. Lakini kwa miaka mob baada ya hapo, kuna maboma ya Wamaasai hapo karibu yaliyokuwa yanaona hizo taa kwa umbali huku yenyewe yakitumia mafuta taa. Kwa hivyo ukichokora stoo za zamani kuanzia Naivasha mpaka Maiella, usishtuke ukipata karabai.

Wengine huiita taa ya presha. Petromax ilitoka Berlin kwa kampuni ya Ehrich & Graetz, Tilley ikatoka Uingereza, na Anchor ikatoka China. Wavuvi wa omena kule Ziwa Victoria waliitegemea miaka mingi kuvuta samaki usiku kabla taa za sola hazijaingia soko.

Inafanyaje kazi?

Fikiria Olkaria ndogo ya kubeba na mkono. Kule, mawe ya moto chini ya ardhi yanachemsha maji, mvuke unapanda na presha na kuzungusha mtambo. Kwa karabai, wewe ndio unapampu hewa kwa tanki. Hewa inasukuma mafuta taa juu kwa kabomba ka shaba kanachopita karibu na moto. Mafuta yanageuka mvuke, mvuke unatokea katundu kadogo sana, unachanganyika na hewa na kuwaka ndani ya mantili, ile soksi ndogo ya kitambaa. Mwanga mweupe unatoka kwa mantili ikishika moto sana, si kwa ulimi wa moto wenyewe. Hiyo soksi ni kazi ya Carl Auer von Welsbach wa Austria, miaka ya 1880.

Ukishika hapo, kila shida ya karabai utaielewa: ama presha imetoroka, ama mvuke haujaiva, ama katundu kameziba.

Kufufua: anza na tanki

1. Fungua kifuniko, mwaga mafuta ya zamani. Suuza tanki na mafuta taa safi kidogo mpaka yatoke bila uchafu.

2. Kagua tanki lote. Ukiona ufa, kutu iliyokula chuma ama alama ya kuchomelewa, hiyo ni pambo la sebule. Usiipampu tena. Na usipeleke tanki lililobeba mafuta kwa fundi wa kuchomelea, juu mvuke uliobaki ndani unaeza lipuka usoni mwake.

3. Chomoa pampu. Kwa ncha kuna washa ya ngozi. Ikikauka haisukumi hewa. Iloweshe na mafuta ya cherehani mpaka ilegee, kisha ipanue kidogo na vidole. Ikiwa imeraruka, fundi wa stovu anaeza kukatia ingine.

4. Badilisha mipira ya kifuniko na ya pampu kama imekauka. Hii ni vitu ya bei ndogo lakini ndiyo inashikilia presha yote.

5. Safisha katundu na kale kasindano kake. Usitumie msumari ama pini yoyote tu. Ukikapanua, mafuta yanatoka mob na taa inaanza kutoa moshi.

6. Jaribu kabla ya mafuta. Funga kila kitu, pampu hewa, paka povu la sabuni kwa viungo vyote. Mahali povu linafura, presha inatoroka. Usiendelee mpaka hapo pakauke.

Kung'arisha shaba kunakuja mwisho kabisa. Wasee wengi wanaanza na kung'arisha, taa inang'aa kwa picha lakini haiwaki.

Mafuta: hapa ndipo watu wanakufa

Weka mafuta taa pekee. Si petroli, si mchanganyiko. Petroli inageuka mvuke haraka sana, na ukiiweka kwa tanki la presha lililo karibu na moto umetengeneza bomu. Nunua kwa stesheni, si kwa chupa isiyojulikana imetoka wapi. Jerikeni nayo iwe haijawahi beba petroli. Mchezo wa kuchanganya mafuta Kenya si mpya: mwaka wa 2018 serikali iliweka tozo ya sh18 kwa kila lita ya mafuta taa kwa sababu hiyo hiyo. Kama mafuta yananuka petroli hata kidogo, usiyatie.

Kuwasha, hatua kwa hatua

Toka nje kwanza, mbali na nyasi kavu na hema.

Jaza tanki robo tatu tu, juu hewa inahitaji nafasi. Funga mantili mpya vizuri, bila mikunjo upande mmoja. Legeza skrubu ya kutoa presha.

Mimina spiriti kwa kikombe kidogo kilicho chini ya bomba, washa, ungoja. Hapa ndipo watu hukosa subira. Spiriti inapasha bomba joto, na mantili inaungua na kubaki jivu jeupe. Ni kawaida, lakini sasa usiiguse, itavunjika. Spiriti ikikaribia kuisha, kaza skrubu, pampu mara chache, kisha fungua mafuta polepole. Mantili ikishika mwanga, ongeza pampu mpaka mshale ufike alama nyekundu, usiipite. Petromax ya 500 ina tanki la lita moja na inakesha saa nane hivi.

Kuzima ni kulegeza ile skrubu presha itoke. Usifungue kifuniko wala kuongeza mafuta taa ikiwa moto.

Ikileta shida

Moto wa njano unaoruka juu: bomba halikupata joto. Toa presha, ngoja ipoe, anza upya na spiriti.

Mwanga unapumua, unapanda na kushuka: presha imeshuka ama katundu kamechafuka.

Mantili imeshika masizi ama imetoboka: ya kutoboka ibadilishe mara moja, juu moto unaotokea hapo unaeza pasua kioo.

Mantili za zamani zilitiwa thoriamu, ambayo ina mionzi kidogo. Usivute lile jivu, na unawe mikono.

La mwisho, na ni la lazima

Baridi ya Naivasha usiku si mchezo, na karabai inatoa joto tamu. Ndio maana msee anafunga dirisha, anaiweka kando ya kitanda, analala. Usijaribu. Kama jiko la makaa, inakula hewa ya chumba na inaeza toa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu. Fungua dirisha, na uizime kabla ya kulala.

Guka hakuwa na maneno mengi kuhusu hii taa. Aliipampu nje, akaingia nayo ikiwa imetulia, akaizima mwenyewe kabla ya kulala. Fanya vivyo hivyo, na stima zikipotea tena, keja yako ndiyo mtaa mzima utaona kwa umbali.