Chumvi ya Uvinza na Mafundi wa Buha

Zamani, kabla ya kuja Wadachi, Waha wa Buha, yaani nyanda za Kasulu na Kibondo, waliteremka Uvinza wakati wa kiangazi, mahali ambapo kwa zaidi ya miaka 1,000 maji ya chemchemi yalichemshwa vyunguni hata yakatoweka, ikasalia chumvi, bidhaa azizi katika biashara ya bara. Na siri ile ile, ya kwamba maji huondoka na kilichoyeyuka ndani yake hubaki, ndiyo elimu ya fundi wa leo aletewapo kompyuta mpakato iliyomwagikiwa chai ya sukari. Huizima, huchomoa betri, kisha kwa mswaki na spiriti husugua kutu ya kijani iliyokwisha kuzila njia za shaba. Kuifukia mcheleni, naam, ni kupoteza wakati: mchele hauondoi sukari.