Dhahabu ya mwambani: Safari ya jiwe hadi mkuo, na hasara anayobaki nayo mchimbaji mdogo

TANI moja ya mwamba wenye gramu 10 za dhahabu huhesabiwa kuwa mwamba mzuri katika machimbo mengi ya Kanda ya Ziwa. Gramu hizo zikikusanywa pamoja ni kitu cha ukubwa wa punje ya harage tu, nazo hutawanyika ndani ya jiwe kiasi kwamba mara nyingi jicho halizioni. Uchenjuaji wote, uwe wa mgodi mkubwa au wa mchimbaji mdogo mwenye nyundo, ni kazi ya kuitafuta punje hiyo. Tofauti ni kwamba mmoja huipata karibu yote, na mwingine hupata sehemu yake na kumwachia mtu mwingine iliyobaki.

Dhahabu ya mwambani haifanani na ile ya mchangani, ambayo mvua na mito imekwisha kuitenga na jiwe kwa maelfu ya miaka. Ile ya Geita na maeneo jirani imo ndani ya miamba ya kale sana, katika mishipa ya jiwe jeupe gumu la kwatzi, na mara nyingi imeambatana na madini yenye salfa. Kwa hiyo hatua ya kwanza baada ya mawe kutolewa katika duara ni kuyaponda, kisha kuyasaga katika karasha hadi yawe unga laini. Kusaga ndiko kunakoamua mengi. Chembe ya dhahabu ambayo bado imefunikwa na jiwe haiwezi kunaswa kwa njia yoyote itakayofuata. Vumbi la kazi hiyo, likivutwa kwa miaka, huharibu mapafu na kuleta ugonjwa usio na tiba uitwao silikosisi.

Unga huo hupelekwa kwenye mwalo, yaani ubao wa mteremko uliotandikwa magunia au vitambaa, na maji humwagwa juu yake. Dhahabu ina uzito wa takriban mara 19 ya maji, wakati kwatzi haifiki mara tatu. Mchanga hupita, dhahabu hukwama kwenye nyuzi. Kilichokwama hukung’utwa katika karai na kutiwa zebaki, ambayo hushikamana na dhahabu na kufanya donge la rangi ya fedha. Donge hilo hukamuliwa kwa kitambaa, na linapotoka hapo karibu nusu ya uzito wake bado ni zebaki. Hupashwa moto, zebaki huchemka katika nyuzi joto 357 na kuondoka kama mvuke, dhahabu ikabaki.

Ni njia rahisi, ya haraka, na isiyohitaji mtaji. Lakini kwa dhahabu ya mwambani aghalabu hutoa asilimia 30 hadi 40 tu ya dhahabu iliyomo. Katika ule mfano wa gramu 10, mchimbaji huondoka na tatu au nne. Zilizobaki zimo katika mchanga uliokwisha kuoshwa, ambao wachimbaji huuita marudio, na katika maeneo mengi marudio hubaki kwa mwenye karasha au huuzwa kwa bei ndogo. Mwenye jiwe, aliyekaa shimoni wiki kadhaa, hupoteza hapo sehemu kubwa ya mali yake.

Anayeyanunua marudio hutumia sianidi. Njia hiyo iligunduliwa Glasgow mwaka 1887 na John Stewart MacArthur akishirikiana na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest, na hadi leo ndiyo inayotumiwa na migodi mingi mikubwa duniani. Marudio huchanganywa na chokaa na kujazwa katika matangi ya saruji, kisha maji yenye sianidi kidogo hupitishwa humo kwa siku kadhaa. Yakisaidiwa na hewa ya oksijeni, maji hayo huiyeyusha dhahabu jinsi maji ya kawaida yanavyoyeyusha chumvi. Chokaa si ya mapambo: maji yakiwa na asidi, sianidi hutoa gesi inayoua.

Maji hayo hupitishwa kwenye mkaa maalumu unaoinasa dhahabu. Baadaye mkaa huoshwa kwa dawa ya moto mtamboni, na umeme huigandisha dhahabu juu ya nyuzi za chuma. Ndipo huja kuyeyusha. Masalia hayo, baada ya kusafishwa, hutiwa katika chungu kisichopasuka kwa moto pamoja na boraksi, na kupashwa joto kupita nyuzi 1,064 ambazo dhahabu huyeyukia. Uchafu huelea juu kama mavi ya chuma, dhahabu hutulia chini na kumiminwa katika kalibu. Mkuo unaopatikana bado una fedha na madini mengine, hivyo hupimwa usafi kabla ya kuuzwa katika masoko ya madini, ambayo Tanzania ilianza kuyafungua mwaka 2019.

Marudio yaliyokwisha kutiwa zebaki yakiingizwa katika sianidi bila kuondolewa zebaki kwanza, zebaki nayo huyeyuka na kusambaa kwa urahisi zaidi majini. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unautaja mchezo huo miongoni mwa mambo ya kukomeshwa, pamoja na kuchoma zebaki hadharani na kuichoma katika makazi ya watu. Mvuke wake hushambulia neva na figo, huleta kutetemeka na kusahau, na humdhuru mtoto aliye tumboni.

Zipo njia nyingine. Wachimbaji wa Benguet nchini Ufilipino kwa miaka mingi wameosha unga wao kwa uangalifu hadi ubaki kidogo, wakauyeyusha kwa boraksi bila zebaki kabisa. Kwa anayeshindwa kuiacha, kipo chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba linalopoza mvuke na kuirudisha zebaki itumike tena. Chombo hicho si cha gharama kubwa, lakini wengi hawakipendi: kinachelewesha kazi, na mwenye donge hawezi kuiona dhahabu yake ikigeuka njano mbele ya wenzake. Basi donge huendelea kuchomwa juu ya jiko la mkaa, wakati mwingine lile lile la kupikia.