Chekechea ni Jukumu la Kaunti

Chekechea ya mtaani ikikosa walimu, wazazi wengi humlaumu mbunge au Wizara ya Elimu. Mlango wenyewe uko kwengine. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliikabidhi serikali ya kaunti elimu ya awali pamoja na vituo vya kulelea watoto. Shule za msingi na sekondari zikabaki kwa serikali kuu. Ndiyo maana mwalimu wa PP1 na PP2, anayefunza watoto wa miaka 4 na 5, huajiriwa na kaunti, si TSC.

Pwani hatukungoja katiba. Miaka ya 1980 mpango wa chekechea za madrasa, uliochanganya mafunzo ya dini na ya shule, ulianzia Mombasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, kisha ukaenea Zanzibar na Uganda.

Leo pa kushika ni bajeti. Makadirio hufikishwa bunge la kaunti kabla ya Aprili 30, na sheria yataka maoni ya wananchi yasikizwe. Muulizeni mwakilishi wa wadi: chekechea zetu zina walimu wangapi, na wako kwa mkataba au ajira ya kudumu? Uji je, umetengewa pesa? (Mtoto mwenye njaa hashiki hata alifu.) Jibu la mdomo halitoshi, takeni kuonyeshwa ukurasa wenyewe. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na kisichoandikwa humo ni vigumu kukidai baadaye.