Anga la Jego na Mashahidi Wake

Taarifa za vyombo visivyojulikana angani zilipata wakusanyaji wao mwaka 1947, habari za visahani virukavyo zilipozagaa Marekani. Mianga yenyewe ya ajabu angani ni ya zamani sana. Katika vijiji vya Waislamu kama Jego, karibu na Vanga, pwani ya kusini ya Kenya, kimondo kilikuwa na maelezo yake tangu zamani: kombora la kumfukuza shetani anayetega sikio mbinguni. Aliyekiona angeandikia nini tarehe, na fumbo halipo? Ndiyo maana kisa mashuhuri cha kwetu ni cha Februari 19, 1951, pale rubani Jack Bicknell na abiria wa East African Airways, wakitoka Nairobi kwenda Mombasa, waliporipoti chombo king'aacho, chenye umbo la risasi, juu ya Kilimanjaro. Atasema mtu kwamba rubani huaminika kuliko mvuvi wa kijijini. Sikubali, mvuvi aliyezoea kusafiri kwa nyota analijua anga vizuri. Rubani alimzidi kwa redio, kamera za abiria na magazeti ya kumsikiliza. Hata hivyo, picha hazikumaliza ubishi. Kinyume chake, pete ya chuma ya kilo 500 iliyoanguka Mukuku, Makueni, Desemba 30, 2024, ilishikika, na tathmini ya awali ya wataalamu ikasema haraka: kipande cha roketi.