Madini joto

Pakiti ya chumvi dukani imeandikwa "chumvi yenye madini joto". Joto gani? Kinachosemwa ni iodini, vipande vyeusi vinavyong'aa ambavyo ukivipasha hutoa mvuke wa zambarau. Jina lake la Kigiriki latokana na rangi hiyo. Anayetaka kulitetea jina letu ana hoja: tezi ya shingo huitumia iodini kutengeneza homoni zinazoongoza joto la mwili. Mimi nalipenda, maana muuza duka na mama mjamzito wote wanalielewa.

Ndugu za iodini hawakubahatika kupata jina kama hilo. Ukoo mzima huitwa halojeni, yaani wazaa chumvi, kwa kuwa kila mmoja akikutana na metali huzaa chumvi. Klorini ni gesi, bromini kimiminika, iodini yabisi.

Aliye mkali kuliko wote ni florini. Jina lake ni la Kilatini, "kutiririka", kwa sababu jiwe lake lilitiwa tanuruni ili madini yayeyuke upesi. Gesi yenyewe hunyakua elektroni kwa karibu kila kitu, ndiyo maana mkemia Henri Moissan alifaulu kuitenga mwaka 1886 tu, baada ya wenzake kadhaa kudhurika.

Hapo magazeti yetu huchanganya. Kilichomo kwenye dawa ya meno, na katika maji yanayotia meno rangi ya kahawia kule Arusha, ni floridi: florini iliyokwisha kupata elektroni yake ikatulia. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Anayeandika "maji yenye gesi ya florini" amekosea.