Ng'ombe wa Karanga

Wasukuma tumeandikwa sana, ndugu msomaji. Tumeandikwa kwa pamba, kwa mifugo, kwa watemi ambao serikali iliwaondolea madaraka mwaka 1963, na kwa ngoma za Bagalu na Bagika zinazotimua vumbi baada ya mavuno. Lakini hivi, ni nani aliyewahi kukaa chini akaandika walichokula watoto wakati mama zao wako shambani? Sisemi ugali. Ugali una watetezi wake. Nasema kile kitu kitamu, kidogo, cha kujaa kiganja, ambacho bibi hukitengeneza pamoja na wajukuu huku wakicheza.

Wenzetu wa mjini wakisikia utamu wa mtoto wanafikiria keki, na keki inataka tanuri. Hapa kwetu Sapiwi, Bariadi, ukimtajia mtu tanuri atakuuliza unaanza kujenga lini, maana tanuri tunalolijua ni la matofali. Utamu wetu ulitengenezwa na jua na kinu. Kuna michembe, yaani viazi vitamu vinavyoachwa vinyauke, vikamenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa juu ya miamba. Kuna matobolwa, ndugu yake michembe, ambayo huchemshwa kwanza ndipo yakatwe na kuanikwa. Michembe hupikwa tena kabla ya kuliwa. Matobolwa mtoto anaweza kutia mfukoni akatafuna njia nzima ya kwenda malishoni. Halafu kuna ubuyu, ukwaju, ufuta, na ile mibua ya mtama mtamu tunayoitafuna kama miwa.

Sasa ukivitazama vitu hivi vizuri utaona kwamba havikuja siku moja. Mtama, ubuyu na njugu mawe ni vya Afrika tangu zamani. Karanga na viazi vitamu asili yake ni Amerika, ng'ambo ya bahari. Vililetwa pwani za Afrika baada ya Wareno kuanza safari zao, kisha vikatembea kutoka mkono hadi mkono mpaka bara. Kwa hiyo bibi anayechanganya karanga, viazi na ubuyu katika kinu kimoja anachanganya mabara mawili. Na wala hajioni kuwa amefanya jambo.

Lakini swali lililonisumbua mimi ni jingine. Mbona kazi hii ni ya bibi na si ya mama? Nimeuliza wanawake wazima hapa kijijini, karibu wote wananijibu kwamba walifundishwa na bibi zao. Ujuzi huu unaruka kizazi. Wengine watasema ni kwa sababu bibi na mjukuu ni watani, na utani huo ni kweli upo. Mimi nasema mtani mkubwa hapa alikuwa pamba.

Hesabu miezi uone. Pamba ya kwetu hupandwa kuanzia Novemba, na kuchumwa huanza kama Mei au Juni, jua likishakuwa kali na mvua zimekatika. Miezi hiyo hiyo ya kiangazi ndiyo ya kuanika viazi. Jua ni moja na mikono ni ile ile! Baada ya Vita ya Pili ya Dunia pamba ya Kanda ya Ziwa iliongezeka kwa kasi, na mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana vikawa shirikisho moja kubwa, Paul Bomani akiwa kiongozi wake. Fedha ikaingia, baiskeli zikaingia, bati zikaingia. Mama akaenda kuchuma pamba toka alfajiri mpaka jioni. Nani alibaki nyumbani na lundo la viazi? Bibi, ambaye mgongo haukubali tena kuinama, na watoto ambao vidole vyao bado vifupi. Ndiyo timu iliyobaki.

Na timu ya namna hiyo haiendi kwa amri. Mtoto wa miaka sita huwezi kumwambia akate viazi kutwa kwa ajili ya njaa ya mwezi wa pili mwakani. Hajui mwezi wa pili ni nini. Inabidi kazi iwe mchezo, na mchezo uwe na malipo ya mdomo.

Bibi yangu mimi malipo yake yalikuwa ng'ombe. Alikaanga karanga kidogo kwenye kikaango cha chungu, akatuachia tuzichague. Iliyosinyaa au yenye ukungu ilitupwa, hata kama umeililia. (Zamani nilidhani ni uchoyo. Mwaka 2016 watu walipokufa kwa sumukuvu huko Dodoma na Manyara ndipo nikajua ule uchambuzi ulikuwa na maana gani.) Tulitwanga kwa zamu mpaka karanga zikaanza kutoa mafuta na kushikana, zikawa kama udongo wa mfinyanzi. Hapo alitia unga wa matobolwa, asali akiwa nayo, na chumvi ya kuonja. Kisha kila mmoja akapewa donge lake afinyange.

Watoto wa Kisukuma wamefinyanga ng'ombe wa udongo miaka mingi, kwa hiyo hakuna aliyeuliza afinyange nini. Pembe zilikuwa vipande vyembamba vya tobolwa. Aliyetaka ng'ombe mweupe alimvingirisha kwenye unga wa ubuyu. Aliyetaka wa madoadoa alimtia ufuta. Wakishakuwa kundi, mahari ilianza. Bibi, kama desturi ya mabibi wote, aliniita mume wake.

"Mume wangu, ng'ombe wawili tu? Mimi ni wa bei rahisi hivyo?"

"Bibi, hali ngumu."

"Basi niongezee ndama, na huyo mwenye pembe moja simpokei, mrudishe kwenu."

Tulibishana mpaka tunalia kwa kucheka, halafu tukala mahari yote, mchumba akiwa mlaji wa kwanza. Lakini angalia jambo moja. Hakuna siku tuliyofinyanga ng'ombe bila yeye kuingia kwenye kihenge, kutazama, kurudi na kusema leo ni watatu kila mtu, au leo ni mmoja. Yale matobolwa yalikuwa ndiyo akiba ya njaa. Kila ng'ombe tuliyemla alikuwa ametoka kwenye chakula cha Februari. Tulicheza juu ya ghala, kwa kipimo.

Hapa ninaomba kuwataja Waingereza kidogo. Mwaka 1947, kwao mafuta ya kula yakiwa haba baada ya vita, walianzisha ule mpango wao wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta, hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Walishindwa na mizizi, udongo mgumu na ukame, na Januari 1951 mpango ukavunjwa baada ya kula kama pauni milioni 36. Sicheki. Ila mabibi zetu walikuwa wakilima karanga za kinu kimoja kimoja kwa jembe la mkono, na sijui kama kuna aliyewauliza neno.

Akiba ile ilikuja kujaribiwa mwaka 1974. Ukame wa miaka ile ulikutana na Operesheni Vijiji, na mkoa wa Shinyanga, ambao Bariadi ilikuwa ndani yake mpaka Simiyu ilipozaliwa mwaka 2012, uliguswa sana. Kaya za Kisukuma ziliishi mbalimbali, kila mji na shamba lake na malisho yake. Zikaletwa pamoja. Ng'ombe unaweza kumswaga, kitanda unaweza kukibeba. Kihenge hukibebi. Bibi wakati huo alikuwa mama kijana mwenye watoto watatu. Ananiambia lori lililoahidiwa lilikuja mara moja tu, likachukua watu na vyombo. Vihenge vikabaki kwenye mahame. Waliporudi kwa miguu kuvifuata, mvua ilikuwa imeshanyesha juu ya michembe iliyofunuliwa, na mchembe ukilowa umekwisha, hata mbuzi anaunusa anaondoka.

Mwaka ule hakukuwa na ng'ombe wa karanga. Nilipomuuliza watoto walicheza nini, alisema, "Walifinyanga wa udongo. Mdogo akamla."

Hakusema zaidi, akaendelea kuchambua choroko.

Sukari nayo ina historia yake, ila hiyo ni fupi kwa sababu sukari yenyewe haikuonekana. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilikula fedha za nchi, mafuta yakapanda bei, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari ilikuwa ya mgawo. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na wapo waliotupa bidhaa zao porini usiku kwa hofu. Watoto wa mjini waliokosa sukari walikosa utamu kabisa. Hapa kijijini, kwa wenye kihenge kizima, utamu ulikuwepo juu ya dari, umekauka, unasubiri kinu. Mwaka 1984 serikali ikaanza kuruhusu watu binafsi kuingiza bidhaa kwa fedha zao. Baadaye pipi na Big G zikajaa madukani, na tobolwa likaanza kuonewa haya. Mtoto mwenye pipi alionekana wa maana kuliko mwenye tobolwa, hata kama wa pipi alilala njaa.

Siku hizi kuna viazi lishe, vile vyenye rangi ya chungwa ambavyo watafiti wa Ukiriguru nao wamevishughulikia kwa ajili ya vitamini A. Wataalamu wanasema ukivianika juani moja kwa moja vitamini hiyo hupungua sana, afadhali kivulini penye upepo. Nilimweleza bibi. Alifikiri, akasema kivuli ni kizuri kwa kiazi lakini kuku nao wanakipenda, basi nijenge kichanja kwanza ndipo tuzungumze vitamini. Kichanja nimejenga.

Pamba bado inalimwa Simiyu, na mama bado wako shambani mwezi wa Juni. Shule nazo hufungwa mwezi huo, kwa hiyo wajukuu wanarudi kwa bibi kama zamani, wengine kutoka Mwanza na viatu vyao vya taa. Mwaka huu mmoja wao, wa darasa la pili, hakufinyanga ng'ombe. Alifinyanga bodaboda, magurudumu mawili ya tobolwa zima, akaipeleka kuwa mahari. Bibi akaigeuza huku na huku, akamuuliza inatoa lita ngapi za maziwa.