Nilichowadanganya form three

Nikiwa field niliwaambia form three kwamba kutengeneza mafuta kwa hewa ya ukaa ni ndoto za juzi. Nilichemsha.

Mwaka 1925, Ujerumani, Franz Fischer na Hans Tropsch waligeuza gesi ya makaa ya mawe kuwa mafuta. Jeshi la Hitler likaja kuyatumia vitani, ndo hivyo.

Kufikia 2012, huko Svartsengi, Iceland, kiwanda kilichopewa jina la George Olah kilikuwa kinanasa hewa ya ukaa ya kituo cha umeme, kinaichanganya na haidrojeni ya kwenye maji, inatoka methanoli. Meli zinaweza kuichoma. Mafuta ya ndege yanaweza kupita njia ileile ya Fischer na Tropsch. Ila kutenganisha maji kunakula umeme balaa, kwa hiyo ni ghali.

Kesho nampigia mwalimu wao, awasomee masahihisho yangu.